Reki ya steringi ya Hilux Vigo: kuitunza, na kuibadilisha mwenyewe ikishakufa

Nina Vigo dabo kebini 4x4, injini ile ya 2.5 D-4D, inabeba viazi kutoka mashambani huku Njombe kushusha Makambako, na kwa barabara zetu za vumbi kiangazi na matope masika, reki ya steringi ni kitu ukikisahau kinakukumbusha chenyewe. Mpaka sasa nimebadilisha mbili kwenye gari hii moja. Ya kwanza nilimwachia fundi, ya pili nimeifunga mwenyewe uani na kijana wangu, na kumbe ile ya kwanza wala haikuwa imekufa, ilikuwa bushi tu (mipira ya kushikilia reki kwenye chasi), nitafika huko. Ndo maana nitakaa sana kwenye kuchunguza kabla ya kushika spana, mwenye haraka aruke.

Kwanza jiridhishe kama gari yako ina reki. Hilux nyingi za kabla ya Vigo zina steringi boksi, ile Vigo iliyoanza kutoka 2004 ina reki, na Land Cruiser pikapu za series 70 mpaka leo zinatumia boksi. Ukiwa na Navara D40 au D-Max mambo ni yale yale, ila bolti zimekaa kivyake. Mimi naongelea Vigo kwa sababu ndo ninayolala chini yake.

Reki inavyofanya kazi kwa kifupi: ukizungusha usukani, shafti inashuka mpaka kwenye pinioni, kigia kidogo kinachosukuma shafti ndefu yenye meno kwenda kushoto au kulia, na kila mwisho wa ile shafti kuna reki endi, halafu tairodi endi inayoshika mkono wa kwenye habu. Kinachofanya usukani uwe mwepesi ni oili kutoka kwenye pampu, inaingia kwenye valvu pale kwenye pinioni na kusukuma pistoni iliyomo ndani ya reki. Ile oili inazuiwa na sili mbili za mwisho, na ile shafti inapita katikati ya sili kila unapokata kona. Sasa fikiria shafti imeota kutu au imejaa mchanga. Ni kama kupitisha msasa kwenye sili, mara elfu kwa siku.

Na kinachozuia mchanga na maji ni kitu kimoja tu, lile buti la mpira lenye mikunjo kama kodiani. Buti likichanika leo, hakuna kitakachotokea leo, wala mwezi huu, gari inaendeshwa kama kawaida kabisa, ndo maana watu wanalipuuza. Masika yakipita unaanza kuona oili. Buti ni bei chee, reki nzima ni mtaji.

KUCHUNGUZA

Dalili watu wanazozitaja ni tatu. Oili inavuja, usukani unacheza, na chini panagonga ukipita kwenye rasta au barabara ya mawimbi. Kati ya hizo ni ya oili peke yake inayokuambia moja kwa moja kuhusu reki, na hata hiyo usiiamini kwa kuangalia sakafu, maana oili inatiririka na upepo. Futa kila kitu kwa tambara lenye petroli kidogo (ila usipake petroli kwenye mpira wa buti), endesha siku mbili, rudi uangalie inaanzia wapi. Ikiwa inatoka kwenye nati ya paipu, kaza au badilisha oring (kile kipete cha mpira), umemaliza. Ikiwa juu ya hosi, hosi. Lakini ukibinya buti kwa mkono ukasikia maji maji ndani, au ukilegeza kilipu cha buti ikamwagika oili nyekundu, hapo sili ya mwisho imekwisha na hakuna ujanja.

Kucheza kwa usukani kunataka watu wawili. Gari chini, matairi yakanyage ardhi, injini inawaka, mmoja akae kwenye usukani auchezeshe kidogo tu kushoto kulia, kama anatafuta redio, asikate kona. Wewe lala chini, weka kiganja kwenye kila kiungo kimoja kimoja. Mkono unasikia kabla ya jicho. Tairodi endi ikiwa imelegea utasikia inapiga ndani ya kiganja. Reki endi iko ndani ya buti, ishike kwa juu ya buti na utaisikia vilevile. Halafu tazama mwili wa reki wenyewe ulivyofungwa kwenye chasi, ukiona reki nzima inatembea kushoto kulia kabla matairi hayajaanza kukata, hizo ni bushi za reki, na bushi zinabadilishwa bila kununua reki. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Gereji fulani waliniambia reki imekufa, nikalipa reki, na nilipokuja kuiangalia ile ya zamani waliyonirudishia kwenye gunia, shafti safi, buti zima, bushi zimesagika kama chapati ya jana. Nilikaa nikaitazama sana ile bushi.

Ukiinua tairi la mbele, shika kushoto na kulia (saa tatu na saa tisa) utikise, kama linacheza ni tairodi endi au reki endi. Shika juu na chini, kama linacheza ni bering ya habu au boljointi, hiyo siyo kazi ya reki. Na kugonga kwenye rasta mara nyingi ni stabilaiza linki, kitu kidogo kabisa, ianze hiyo.

Jingine, kuna ile nati kubwa ya kukazia reki upande wa pinioni, yenye spring ndani inayosukuma shafti ibane kwenye meno. Mafundi wengi usukani ukicheza wanaikaza, unaona mchezo umeisha, unafurahi. Tatizo meno ya reki yanaliwa katikati kwa sababu muda mwingi unaendesha moja kwa moja, ukikaza mpaka katikati pakae sawa basi ukikata kona kule ambako meno hayajaliwa panabana, usukani haurudi wenyewe. Nimewahi kuendesha gari ya jamaa iliyofanyiwa hivyo kwenye mteremko wenye kona. Usiiguse.

KUITUNZA

Kila ukimwaga oili ya injini, mimi nafanya kila kilomita 5,000, ingia chini na tochi uangalie mabuti yote mawili. Yafungue mikunjo kwa vidole, maana ufa unajificha kwenye bonde la mkunjo, kwa nje linaonekana zima. Angalia vilipu vya pande zote mbili vimebana, buti zima lenye kilipu kilichokatika ni sawa na kutokuwa na buti. Ukikuta limechanika badilisha wiki hiyo hiyo. Unatoa tairodi endi, unalegeza lokinati (nati inayoifunga tairodi endi isijizungushe), unavuta buti la zamani, na kabla ya kuvisha jipya futa shafti na utazame. Pitisha kucha juu ya shafti. Kucha ikiteleza, uko salama, paka grisi kidogo kwenye reki endi uvishe buti. Kucha ikikwama kwenye vishimo vya kutu, sili zake zinahesabu siku, anza kuweka hela pembeni.

Oili ya pawa steringi kwenye Vigo ni ATF (oili ya gia za otomatiki), Dexron II au III, imeandikwa hata kwenye kitabu cha gari. Siyo oili ya injini, na Mungu apishe mbali siyo oili ya breki, hiyo ya breki inavimbisha sili zote kuanzia pampu mpaka reki na ukishaiweka ni mfumo mzima wa kuanza upya. Usiwatume vijana wa kuosha gari wakuongezee oili. ATF mpya ni nyekundu inang'aa, ikiwa ya kahawia badilisha, ikiwa nyeusi inanuka kuungua badilisha na uanze kuifikiria pampu. Binafsi naibadilisha kila kilomita 40,000 hivi, najua wengi hawaibadilishi maisha yote na ndo hao hao wanaonunua reki.

Kwenye kuendesha mambo ni mawili. Usikate usukani ukafika mwisho halafu ukaendelea kuubana huku pampu inalia, presha yote iko juu pale na oili inachemka. Na usiuzungushe gari ikiwa imesimama kabisa kwenye lami na mzigo, ipe gari mwendo hata wa kinyonga. Ukiweka matairi makubwa ya kujionesha jua reki inalipa.

KUNUNUA

Hapa ndo watu wanapigwa. Kwanza reki ya 4x4 na ya 2WD usizichukulie kuwa ni moja, nenda na namba ya chesesi. Namba za Toyota za reki za Vigo zinaanza na 44200-0K halafu tarakimu zinazofuata ndo zinatofautisha. Pili, kuna reki za usukani wa kushoto, zinaletwa kwenye mzigo wa yuzdi (spea zilizokwishatumika) kutoka Dubai na nchi za Ghuba, kwa macho ya haraka zinafanana kabisa. Yetu, ukiwa umekaa kwenye siti ya dereva, pinioni iko kulia. Usikubali maneno ya "itageuzwa".

Tatu, akikuambia hii reki ya Vigo ni yuzdi ya Japani, mwangalie usoni. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikurudi mpaka 2017, na aliyorudi nayo siyo Vigo. Vigo zetu ni za Thailand na Afrika Kusini, yuzdi ya kweli itatokea huko, au Uingereza ambako nako usukani ni kulia. Kwa hiyo huyo ama hajui anachouza ama anajua sana.

Yuzdi ikaguliwe hivi. Vua kilipu cha buti, sogeza buti, tazama shafti pande zote mbili ukiwa umeisukuma mpaka mwisho, pitisha kucha. Zungusha pinioni kwa mkono kutoka mwisho mpaka mwisho, iende laini bila sehemu ya kukwama. Oili ikimwagika kwenye buti, rudisha. Ikiwa imeoshwa ikang'aa na kupakwa rangi nyeusi mbichi, mimi naondoka. Niliwahi kuondoka na iliyopakwa rangi kutoka duka moja Kariakoo, Gerezani kule, ikakaa kama wiki tano ikaanza kulia machozi. Kwa hii ya mwisho nilinunua mpya, na kama hela ya orijino haipo, mpya ya kampuni ya spea inayoeleweka na yenye waranti ya maandishi ni bora kuliko yuzdi ya bahati nasibu.

Nunua pamoja: ATF lita mbili hadi tatu (mfumo wenyewe unachukua kama lita moja, nyingine ni ya kusafishia), splitipini mpya (zile pini za kuzuia nati isifunguke), oring au washa za paipu, na tairodi endi kama zako zimechoka, kwa sababu alaimenti utalipia mara moja tu.

KUITOA

Vifaa: jeki na stendi mbili za maana, siyo tofali, tofali linapasuka bila kukuaga. Soketi ya 21 ya nati za matairi, spana kuanzia 10 mpaka 24, bomba refu la kuongezea nguvu, spana ya paipu ile yenye mdomo uliokatwa kidogo tu, plaizi, nyundo mbili, bomba la sindano kubwa, ndoo, rangi ya kucha, na msaidizi. Jioni ya kuamkia kazi nyunyizia dawa ya kutu kwenye lokinati za tairodi, nati za tairodi endi na bolti kubwa za reki. Asubuhi nyunyizia tena.

Hatua ya 1. Gari sehemu tambarare, matairi ya mbele yameangalia mbele dede, handibreki, magogo nyuma ya matairi ya nyuma. Toa hasi ya betri na usubiri, Toyota wanasema sekunde 90, kwa ajili ya airbag.

Hatua ya 2, na hii naomba uisome mara mbili. FUNGA USUKANI. Pitisha mkanda wa siti ndani ya usukani uufunge kwenye kifungo chake uukaze usicheze, au ufunge kamba mpaka kwenye siti. Nyuma ya usukani kuna spairo, ule utepe wa waya unaopeleka umeme wa airbag na honi, una mizunguko ya kuhesabika. Usukani ukiwa umeunganishwa na reki hauwezi kuzidisha mizunguko kwa sababu reki inauzuia. Ukishaitenganisha reki hakuna kinachouzuia. Kijana wangu aliingia ndani kuchukua tochi, akajishikilia kwenye usukani kupandia, ukazunguka, nami nipo chini nasema we we we. Tulihesabu kichwani tukaurudisha kama ulivyokuwa, tukajifanya mambo safi. Siku ya kuwasha gari honi kimya, taa ya airbag inawaka. Spairo ikanigharimu karibu nusu ya nilichookoa kwa kutompa fundi.

Hatua ya 3. Legeza nati za matairi, inua mbele, weka stendi chini ya chasi (siyo chini ya mikono ya sasipensheni), tikisa gari kwa nguvu kabla hujaingia chini. Toa matairi na ile bati ya kukinga injini.

Hatua ya 4. Nyonya ATF yote kwenye chombo chake juu kwa bomba la sindano. Weka ndoo chini, bado nyingine itamwagika kwenye paipu.

Hatua ya 5. Tairodi endi. Toa splitipini, legeza nati ila usiitoe yote, iache ishikilie nyuzi mbili tatu, ili ikiachia isikurukie. Halafu usipige ile stadi kwa juu, utaua nyuzi. Unapiga ule mkono wa habu kwa ubavuni, nyundo moja nzito umeiegemeza upande mmoja, nyingine unapiga upande wa pili, kavu, mara tatu nne, inaruka yenyewe kwa sauti ya tak. Mwenye pula (kifaa cha kuchomolea) atumie pula. Kabla ya kuitoa tairodi endi kwenye reki ya zamani, legeza lokinati robo tu, ihesabu mizunguko wakati unaifungua, andika kushoto ngapi kulia ngapi. Mimi nilipata 19 na nusu na 20, nikaandika kwa chaki kwenye ukuta wa banda, bado imo.

Hatua ya 6. Shafti ya steringi inapoingia kwenye pinioni kuna kiungo chenye bolti moja. Kabla ya kukigusa weka alama ya rangi ya kucha inayovuka vyote viwili, kiungo na pinioni, mstari mmoja. Rangi ya kucha haifutiki na oili kama chaki, mke wangu mpaka leo anaitafuta ile chupa. Bolti itoe kabisa, kulegeza hakutoshi kwa sababu imelala kwenye mfereji wa pinioni. Sukuma kiungo kipande juu.

Hatua ya 7. Paipu mbili za pale kwenye pinioni, ya presha na ya kurudisha oili. Hapa ndo ile spana ya paipu inahitajika, spana ya kawaida itaviringisha nati na ukishaiviringisha umeongeza siku. Vile vipaipu vyembamba viwili vilivyolala juu ya mwili wa reki ni vya reki yenyewe, viache. Ziba paipu haraka kwa kitambaa safi na mfuko wa nailoni uliofungwa na mpira, chembe moja ya mchanga ikiingia valvu inakwama.

Hatua ya 8. Bolti kubwa za kushikilia reki kwenye chasi. Mmoja ashike kichwa upande mmoja mwingine afungue nati upande wa pili, na bomba la kuongezea nguvu. Reki ina uzito, usiwe peke yako bolti ya mwisho inapotoka. Inatoka kwa ubavu kupitia uwazi wa tairi, isogeze upande mmoja kwanza, izungushe kidogo, vuta. Stabilaiza ikikuzuia fungua mabano yake uishushe, usilazimishe, utapinda vile vipaipu vyembamba.

KUFUNGA MPYA

Lala zote mbili chini sambamba. Umbali wa matundu ya bolti, upande wa pinioni, meno ya pinioni, matundu ya paipu, urefu. Kama kuna tofauti bora uijue sasa hivi kuliko ukiwa umeinua mikono chini ya gari.

Sasa tafuta katikati ya reki. Zungusha pinioni mpaka mwisho upande mmoja taratibu, weka alama, halafu zungusha mpaka mwisho wa pili ukihesabu. Mfano ikizunguka 3 na nusu, rudisha 1 na robo tatu, hapo ndo katikati. Usiizungushe haraka, ina oili kidogo ndani, itakutapikia usoni. Funga lokinati na tairodi endi kwa hesabu ile ile uliyoandika. Hii haibadilishi alaimenti, ni ya kukufikisha kwenye alaimenti bila kula tairi.

Ipandishe, ingiza bolti kubwa zote kwa mkono bila kukaza. Ingiza paipu kwa vidole mpaka nyuzi tatu nne ziingie laini, na oring mpya umezilowesha ATF, ukiona nati ya paipu inabisha toka uanze upya, usiipe spana. Ndipo ukaze bolti kubwa, halafu paipu. Vipimo vya kukazia viko kwenye kitabu cha mafundi cha gari yako, tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kukaza kwa hasira kunapasua masikio ya reki maana mwili wake ni alumini. Kiungo cha shafti kirudi kwenye pinioni, reki ikiwa katikati na usukani umefungwa ukiwa umenyooka. Pinioni mpya haina alama yako ya rangi, kwa hiyo kinachokuongoza ni hivyo viwili, katikati na kunyooka. Bolti yake ipite kwenye mfereji. Tairodi endi kwenye mkono wa habu, nati, splitipini mpya, tundu lisipolingana kaza mbele kidogo lilingane, usirudishe nyuma.

KUSAFISHA NA KUTOA HEWA

Watu wanafunga reki mpya kisha wanaweka oili mpya juu ya uchafu wa zamani uliobaki kwenye pampu na hosi. Kama reki ya kwanza ilikufa na vumbi la chuma, unamlisha mpya chakula kile kile. Chomoa hosi ya kurudisha oili pale kwenye chombo, ielekeze kwenye chupa, ziba tundu la chombo lililobaki wazi, jaza ATF. Mbele ya gari ikiwa bado juu na injini IMEZIMWA, fungua mkanda, rudisha ufunguo steringi isijiloki, msaidizi azungushe usukani taratibu mwisho hadi mwisho huku unaongeza oili na kutazama inayotoka kwenye chupa. Endelea mpaka itoke nyekundu. Usiruhusu chombo kikauke. Rudisha hosi.

Kutoa hewa ni vilevile, injini imezimwa, jaza mpaka alama, zungusha mwisho hadi mwisho mara 20 hivi, taratibu, oili ikishuka ongeza. Mapovu yakiisha, rudisha matairi, shusha gari, rudisha betri, washa, iache sailensa (bila kukanyaga mafuta), zungusha tena mwisho hadi mwisho, ukifika mwisho usikae zaidi ya sekunde mbili tatu. Halafu zima injini utazame chombo. Oili ikipanda ghafla zaidi ya milimita 5 ukizima, au ikiwa imepauka kama maziwa ya chai, bado kuna hewa, iache itulie nusu saa urudie. Pampu ikiwa inalia ni hewa hiyo hiyo, usiogope, ila usiendeshe ikiwa inalia.

Ingia chini na tochi injini ikiwaka, msaidizi akate kona kushoto kulia, futa kila nati kwa karatasi kavu ya chooni, karatasi inaonesha tone ambalo jicho halioni.

Alaimenti ni lazima, na uende taratibu. Kabla ya kutoka, chukua futi ya kamba, pima kati ya matairi ya mbele upande wa mbele, halafu upande wa nyuma kwa kimo kile kile, kukiwa na tofauti ya sentimita nzima rekebisha kwanza tairodi zote mbili sawa kwa sawa, la sivyo tairi linasagika njiani. Kwenye alaimenti, usukani ukiwa umepinda wakati gari inaenda moja kwa moja, mwambie fundi arekebishe kwa tairodi, afupishe upande mmoja arefushe mwingine. Kuna wanaochomoa usukani wakaugeuza meno mawili ukakaa sawa kwa macho, hapo katikati ya spairo na katikati ya reki vimeachana na gari itakata kona upande mmoja zaidi ya mwingine. Na akimaliza angalia buti halijajisokota wakati anazungusha reki endi, wanalisahau sana hilo, mkunjo uliojisokota unachanika ndani ya miezi.

Baada ya kilomita 100 au safari moja ya mzigo, rudi chini ukaze tena bolti kubwa, pima oili ikiwa ya moto kwenye alama ya moto.

Ile reki ya pili niliyoitoa ipo stoo. Shafti yake upande wa kushoto imeota vishimo, hiyo ni ya chuma chakavu. Lakini ile ya kwanza, iliyoonewa, kucha inateleza kote, nimeipaka oili nimeifunga kwenye gunia, nikipata bushi zake tu naihifadhi kama spea.